Nimetangulia ukweni kando ya ziwa, wenyewe hawafiki

SWALI

Shangazi,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkaazi wa Mombasa, na ninakuandikia nikiwa ukweni, katika nyumba iliyo kando ya Ziwa Naivasha, mbele kidogo ya Karagita ukiifuata barabara ya Moi South Lake. Shule zilipofungwa Agosti hii, mume wangu alinishauri nitangulie na watoto ili mama yake asiendelee kukaa peke yake, naye angetufuata baada ya siku chache likizo yake ikishaidhinishwa. Wifi yangu aliyeko Eldoret na shemeji zangu wawili, mmoja wa Kisumu na mwingine wa Nairobi, nao waliafiki kwamba mwaka huu tukutane sote hapa, jambo ambalo halijafanyika tangu tulipomzika bavyaa miaka miwili iliyopita.

Mpaka leo hakuna aliyetokea. Gari la shemeji wa Kisumu liko gereji, zamu za wifi kazini zimebadilishwa, yule wa Nairobi simu yake haipokelewi kila mara, na mume wangu nikimpigia hunijibu kwamba ni wiki ijayo. Likizo yenyewe ni ya wiki chache tu, Shangazi, na inazidi kuyoyoma.

Sina lalamiko dhidi ya mavyaa. Hajanitolea neno baya hata moja, na watoto wangu anawapenda. Kinachonishinda ni ukimya wake. Tunaweza kunywa chai ya asubuhi, tukachambua mboga, tukala chakula cha mchana na kuanua nguo bila ya yeye kutamka zaidi ya yale ya lazima: leta chumvi, funga mlango, watoto wavae soksi. Jirani yake akipita ninawasikia wakizungumza na hata kucheka kwa lugha yao, kisha jirani akishaondoka nyumba inarudi kuwa kimya. Kiswahili anakijua vizuri, kwa hivyo siwezi kusema kwamba ni lugha inayotutenganisha.

Jioni ndiyo hunitia huzuni zaidi. Mavyaa hupika chakula cha watu wengi kwenye sufuria kubwa, hutoa sahani kabatini na kuzihesabu kwa majina ya wanawe, kisha hurudisha zile zisizo na mtu na kufunika chakula kilichobaki. Mashuka ya vitanda vya wageni ameyafua upya ilhali hakuna aliyeyalalia. Kabla ya kwenda kulala huniuliza, «Wamesema wanafika lini?» nami kwa kumhurumia humjibu, «Wiki ijayo, Mama, wote wanakuja.»

Ana pia tabia ambayo sijaielewa. Alfajiri, kabla ya chai, hujifunga shuka mabegani akateremka hadi ukingoni mwa ziwa, ambako amechomeka kijiti kwenye matope. Hukitazama kwa muda mrefu kisha hurudi bila ya kusema lolote. Siku nyingine hukichomoa na kukichomeka juu zaidi. Bustani ya mboga ya bavyaa ilikuwa upande huo kabla ya kumezwa na maji, na sasa kilichosalia ni miti ya migunga iliyokauka ikiwa imesimama majini, kwa hivyo nimedhani kwamba huenda anakwenda kumkumbuka mumewe. Nimeogopa kumuuliza.

Baridi ya huku sisi watu wa pwani hatuiwezi. Asubuhi ukungu unalifunika ziwa lote hata huoni mashua. Mavyaa, kwa kutujali, hutuletea jiko la makaa chumbani usiku na kuziba upenyo wa madirisha kwa vitambaa ili watoto wapate joto. Hata hivyo hali ya hewa haijatupatana, kwa maana kitinda mimba wangu huamka akilalamika kichwa, na alfajiri moja alitapika, nami pia huamka na kichwa kizito. Tukishatoka nje na kucheza kidogo tunapata nafuu. Watoto wamechoka kukaa bure, na burudani yao pekee ni jioni, ninapowapeleka ukingoni kuwatazama viboko wakitoka majini.

Nimeanza kufikiri kwamba heri nifungashe nirudi Mombasa, maana ninahisi kama mtu aliyekuja kuwakilisha watu wasiotaka kuja. Ila nikimtazama mama huyu na sahani zake, roho inanisuta. Mume wangu nikimshinikiza anasema ninamsumbua. Tangu mazishi hajalala katika nyumba hii. Akija huja asubuhi na kuondoka jioni. Nifanye nini, Shangazi? Niendelee kusubiri au niondoke?

Mkaza mwana, Naivasha

JIBU

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na nitaanza na jambo ambalo hukuniuliza, kwa sababu haliwezi kungoja mume wala likizo. Jiko hilo lisilale chumbani usiku wa leo. Makaa yaliyokolea, mekundu na yasiyotoa moshi wowote, ndiyo yanayowadanganya watu, kwa sababu hutoa hewa ya kaboni monoksidi ambayo haina rangi wala harufu na ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu zinazopita zile za oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivi kwamba mtu aliyelala hukosa pumzi mwilini bila ya kukohoa wala kushtuka. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na uchovu, na ishara iliyo wazi kuliko zote umenieleza mwenyewe: mnaumwa wote wawili mkiwa mmetoka kulala ndani, na mnapata nafuu mkishakaa nje. Mabadiliko ya hali ya hewa hayawafanyi watu waugue kwa ratiba hiyo. Kila msimu wa baridi nchini mwetu tunasikia habari za watu waliofungiwa na jiko wakakutwa asubuhi hawaamki, na wengi wao waliletewa jiko hilo na mtu aliyewapenda.

Mpeleke mtoto hospitalini leo, hata kama anacheza, na umweleze daktari waziwazi kwamba mmekuwa mkilala na jiko la makaa katika chumba kilichozibwa, maana bila ya kumwambia hivyo anaweza kuwapima malaria na homa ya kawaida akawarudisha nyumbani. Nawe upimwe. Iwapo usiku mmoja ataamka akiwa mlegevu au akitapika, mtoe nje kwanza penye hewa, ndipo utafute msaada. Usifikiri kwamba kuacha mlango wazi kidogo kunatosha, wala kwamba makaa yanayokaribia kuzima hayana madhara. Hayo nayo yanaendelea kutoa hewa hiyo hadi yawe majivu.

Utamwambiaje mavyaa bila ya kumvunja moyo? Mwendee kwa shukrani. Mwambie, «Mama, asante kwa kututunza, lakini mtoto ametapika na tumeelezwa kwamba ni hewa ya jiko. Tuliwashe nje, tuote sote mpaka watoto washikwe na usingizi, kisha tuliache huko huko.» Kisha chungulia chumba chake, kwa maana anayewaletea wajukuu jiko huenda naye analala nalo. Mkaushieni blanketi juani mchana, mtandike moja chini ya shuka na si juu tu, kwa sababu baridi kubwa hupandia kwenye godoro. Watoto wavae soksi na kofia za sufu, na mwachie kila mmoja chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwa kitambaa. Naivasha iko takribani mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na katika usiku wa kipupwe joto huko hushuka hata chini ya nyuzi 10, kwa hivyo si ajabu kwamba mtoto wa Mombasa anatetemeka. Joto la kutosha linapatikana bila ya makaa ndani.

La pili la hatari nitalipitia upesi. Jioni ndiyo saa ambayo kiboko hutoka majini kwenda kulisha, na hana huruma na yeyote anayejikuta kati yake na maji. Ziwa lilipopanda, nyasi anazozifuata zimesogea karibu na nyua za watu. Watazameni mchana mkiwa mbali, na kuanzia magharibi watoto wawe ndani ya ua.

Sasa nije kwa mavyaa wako. Umeniandikia habari ya sahani, mashuka, ukimya na kijiti kana kwamba ni mambo manne, na kijiti ukakiita tabia usiyoielewa. Mimi ninaona kwamba hicho ndicho kinachoyafungua mengine yote. Mama huyo anapima maji. Anachomeka kijiti palipofika ukingo, alfajiri anaangalia kama maji yamekipita, na siku anayokihamisha juu zaidi ni siku ambayo ziwa limesogea kuelekea mlangoni pake. Huenda anamkumbuka mumewe akiwa huko, sikatai, lakini mtu anayekwenda kukumbuka tu hahitaji alama.

Inafaa uelewe anachokiona. Ziwa Naivasha hupokea maji ya mito, hasa Malewa na Gilgil, lakini hakuna mto unaotoka ndani yake. Maji yake hupungua kwa kuvukizwa na jua na kwa kupenya chini ya ardhi, na ndiyo sababu ni ya baridi, si ya chumvi kama yale ya Nakuru na Elementaita. Kwa hivyo mvua ikizidi katika milima ya Nyandarua, ziwa halina pa kuikimbizia, linapanda. Ukame nao ukishika, linanywea. Mwaka wa 2009 lilikuwa limepungua mno, na wengi walilima pale palipokauka wakiamini kwamba ni pao. Mwaka wa 2020 maji yalipanda na kuwahamisha watu katika mitaa iliyo karibu, na mwaka wa 2025 yakaingia tena majumbani katika mtaa wa Kihoto, watu wakabeba magodoro na kuondoka. Mavyaa wako ameishi na mambo hayo. Bustani ya mumewe imekwisha kuchukuliwa. Usiku, akiwa peke yake katika nyumba yenye vitanda vitupu, yeye ndiye wa kuamua kama maji yakifika ukutani ataondoka au atabaki, na akiondoka atakwenda kwa nani, na kaburi la mumewe litakuwaje.

Ndiyo maana sidhani kwamba anawangojea wanawe waje kupumzika. Ninavyoisoma barua yako, anangojea kikao. Ana neno la kuweka mbele ya watoto wote kwa pamoja, na mama wa rika lake hawezi kulianza na mkaza mwana aliyefika jana kabla ya kuliweka mbele ya wanawe aliowazaa, kwa kuwa ataonekana kama anayelalamika au anayemtuma mgeni kwa wanawe. Analifungia moyoni, na likishafungiwa ndani hata maneno madogo hukosa pa kupitia. Jirani anacheka naye kwa sababu jirani hana la kuamua.

Muulize. Usimuulize jioni kuhusu sahani. Muulize alfajiri, mkiwa njiani. Amka mapema, jifunge shuka nawe, mwambie unataka kwenda naye. Mkifika kwenye kijiti, muulize swali jepesi ambalo hawezi kulikwepa: «Mama, mwaka jana wakati kama huu maji yalikuwa wapi?» Atakuonyesha kwa mkono. Kutoka hapo muulize bustani ilianzia wapi, ua ulipita wapi, bavyaa alipojenga ukingo ulikuwa umbali gani. Mwache azungumze, na akinyamaza nyamaza naye. Usikimbilie kuujaza ukimya kwa kumpa pole. Ukiona amefunguka, sasa muulize kwa adabu, «Kuna jambo ungependa watoto wako walizungumzie wakija?» Akikueleza, usitoe ahadi wala shauri lako. Mwombe ruhusa ya kumfikishia mumeo, na akikataa uheshimu kukataa kwake, uwaambie wanawe tu kwamba mama ana neno.

Hili la ahadi nitakuwa mkali kidogo, na unisamehe. Acha kumwambia «wiki ijayo wote wanakuja». Ninajua unalisema kwa huruma, lakini wewe ndiwe umekuwa mdomo wa watu wasiokuwepo, na kila jioni mama anapika kwa kuitegemea kauli yako. Zile sahani zinatolewa kwa sababu umesema wanakuja. Akikuuliza leo, mjibu ukweli mtupu: «Mama, hawajaniambia siku. Nimewaomba wataje siku, wakitaja nitakuambia.» Ataumia, ila ataumia mara moja, na kesho yake atajua apike kiasi gani. Chakula kikiwa cha wanne, kiwe cha wanne kilichopikwa vizuri.

Mumeo sasa. Umenieleza kwamba tangu mazishi hajalala katika nyumba hiyo, kisha ukapita haraka kama lisilo na uzito. Mwanamume anayeweza kufika kwa mama yake asubuhi na kuondoka jioni hakosi ruhusa kazini. Kuna kinachomfukuza giza linapoingia. Kiti cha baba, kikohozi cha baba kisichosikika, kitanda alichomtoa akiwa mgonjwa, yeye ndiye anajua. Sitamsemea, wala sikuambii umchunguze kwenye simu. Ninachokuambia ni kwamba ukimpigia na kumwuliza «mbona huji?» unamwita kwenye nyumba anayoiogopa bila ya kumpa sababu ya kuivumilia, naye anakimbilia jibu lililo karibu, yaani kazi. Mpe sababu. Mwambie hivi, wakati ametulia, na kwa sauti ya kawaida: «Mama anapima maji kila alfajiri kwa kijiti. Bustani ya baba imezama. Nadhani anataka kuzungumza nanyi kuhusu nyumba, na hawezi kuanza mpaka mkae pamoja. Sikuombi uje kunitembelea mimi. Nakuomba uje kumsikiliza mama kwa usiku mmoja.» Usiku mmoja, mwanangu. Mtu aliyeshindwa na mwezi mzima huweza usiku mmoja, hasa akijua kwamba watoto wake na mkewe wako upande wa pili wa ukuta.

Na usiku mmoja hauhitaji likizo ndefu. Akipanda treni ya usiku kutoka Mombasa siku ya Ijumaa, Jumamosi alfajiri yuko Nairobi, na kutoka hapo hadi Naivasha ni kama kilomita 90 kwa matatu, kwa hivyo kabla ya chakula cha mchana atakuwa amefika. Jumapili mchana anaweza kuondoka na Jumatatu akawa kazini. Yule wa Nairobi yuko karibu kuliko wote na hana udhuru wa safari. Wa Kisumu na wa Eldoret wote hupitia Nakuru, na gari likiwa kwa fundi kuna matatu, yale magari ya abiria yanayoshindana kila siku kwenye barabara hiyo. Hebu waambie watumie hayo.

Taja siku wewe mwenyewe. Usiulize «mtakuja lini?» kwa sababu swali hilo limekwisha kuzaa wiki ijayo nyingi. Mwombe mumeo, akiwa ndiye mwana wa nyumba hiyo, awaandikie ndugu zake ujumbe mmoja unaosema kwamba Jumamosi fulani, kabla ya shule kufunguliwa, mama ataketi nao kuhusu nyumba na shamba, na kwamba atakayeshindwa kufika apige simu saa hiyo hiyo asikilize. Ujumbe usitoke kwako. Wewe ni mke wa mtu katika boma hilo, na jambo la ardhi likitajwa kwanza na mkaza mwana, hata kwa nia safi, kuna masikio yatakayosikia kingine.

Kwa kuwa nimetaja ardhi, niseme neno moja zaidi, maana familia nyingi za kandokando ya maziwa yetu zimekwama hapa. Ikiwa shamba bado liko kwa jina la marehemu, hakuna uamuzi wa kuuza, kugawa wala kuhama na kununua kwingine utakaosimama kabla ya urithi kushughulikiwa mahakamani. Kazi hiyo huanza kwa barua ya chifu inayowataja warithi wote, na warithi hao hutakiwa kutoa idhini zao, kwa hivyo ndugu mmoja asiyepokea simu anaweza kuwachelewesha wote. Marehemu asipoacha wosia, Sheria ya Urithi ya Kenya humpa mjane haki ya kuitumia mali ya mumewe maisha yake yote, na wanawe hawana ruhusa ya kumhamisha kwa sababu tu wanadhani hapo hapafai. Hayo yazungumzwe wakiwa wamekaa, naye akiwa katikati yao. Wewe kazi yako ni chai na kuhakikisha watoto hawawakatizi.

Kuhusu swali lako la mwisho, la kusubiri au kuondoka, ushauri wangu ni ubaki mpaka Jumamosi hiyo itakayotajwa, ila uache kusubiri. Watu wetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe umeshaipita siku ya tatu na bado unakaa kama mgeni, unaletewa jiko, unapakuliwa. Omba jembe. Kama ana viazi vya kuvunwa au kuku wa kuhamishiwa upande wa juu, ingia naye kazini. Watu wawili wanaofanya kazi bega kwa bega huzungumza bila ya kulazimika kutazamana, na mama mkimya hupenda mazungumzo ya namna hiyo. Siku moja mwombe jiko la jikoni liwe lako: kanda mahamri usiku, yaumuke karibu na meko kwa kuwa baridi ya huko itayachelewesha, na asubuhi wapikie mbaazi za nazi kama za nyumbani. Usiyaombee sifa. Akila la pili umejibiwa.

Watoto wako wamechoka kwa sababu wamewekwa katika hali ya kungoja binamu, na mtoto akingoja hachezi. Wape mambo yasiyotegemea mgeni. Kutoka mlipo, Hell's Gate iko karibu, na ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo watu huruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kati ya punda milia na twiga. Beba vitambulisho, beba maji, na mrudi kabla jua halijapoa. Mkikodi mashua, kila mtoto avae jaketi la kuokolea maisha tangu ukingoni, hata nahodha akisema maji yametulia. Ukungu ukishaondoka wafundishe kumtambua furukombe kwa mlio wake na mwari kwa mdomo wake. Mkubwa wako, kama anajua kuandika vizuri, mpe daftari aandike pamoja na bibi yake mahali kijiti kilipo kila asubuhi: tarehe, na hatua ngapi kutoka kwenye ua. Daftari hilo litakuwa na faida katika kikao kuliko kauli za watu wazima wanaosema «maji yamepanda kidogo», na bibi atakuwa na mtu wa kushuka naye.

Jumamosi hiyo ikifika na mumeo asije, usimwongopee mama na usimtukanie mwanawe. Mpigie simu mbele yake, umpe mama azungumze naye mwenyewe, kisha uondoke chumbani. Baadaye pangeni siku ya kurudi Mombasa, umwambie mavyaa mapema, siku kadhaa kabla, ili asije akaamka akakuta mabegi mlangoni. Na kabla hujafungasha, mwalike. Mwambie kwamba Mombasa ina joto, kwamba kuna kitanda, kwamba wajukuu wanamtaka, na kwamba jirani anaweza kuwaangalia kuku kwa majuma mawili. Anaweza kukataa, kwa maana kuna kaburi na kuna kijiti, na akikataa usimshurutishe. Akikubali, nunua tikiti za treni mapema, kwa sababu mwisho wa Agosti familia nyingi husafiri wakati mmoja na viti hujaa, na umchagulie safari ya mchana apate kuiona njia.

Shangazi